George Wald: Mtafiti aliyefumbua siri ya vitamini A machoni

MZAZI anapomhimiza mwanawe ale maini, karoti au mchicha ili macho yapate nguvu, anarudia ushauri wa kale. Matabibu wa Ugiriki ya kale waliwapa ini wagonjwa walioshindwa kuona jioni, ingawa sababu hawakuijua. Aliyekuja kuifumbua siri hiyo ni George Wald.

Wald alizaliwa jijini New York, Marekani, mnamo Novemba 18, 1906, katika familia ya wahamiaji wa Kiyahudi. Baba yake alikuwa fundi cherehani. Baada ya kuhitimu shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Columbia mnamo 1932, alikwenda Ujerumani kufanya utafiti.

Katika maabara ya Otto Warburg mjini Berlin, alichunguza retina, utando ulio nyuma ya jicho unaopokea mwanga, akakuta mna vitamini A. Akaelekea Zurich, Uswisi, kwa Paul Karrer, bingwa wa kemia ya vitamini hiyo, na huko ugunduzi wake ukathibitishwa.

Aliporejea Ujerumani mnamo 1933, Adolf Hitler alikuwa ameshatwaa mamlaka. Wayahudi walikuwa wakiandamwa, na waliomfadhili Wald wakamtaka arudi nyumbani. Kabla hajaondoka Heidelberg, ilifika shehena ya vyura wenzake wakiwa likizoni. Aliwatumia vyura hao katika majaribio yake, akaona kwamba retina ikipigwa na mwanga hutoa kitu cha manjano, ambacho baadaye hugeuka kuwa vitamini A.

Kuanzia 1934, akiwa Chuo Kikuu cha Harvard, aliendeleza kazi hiyo. Miongoni mwa waliomsaidia ni Ruth Hubbard, ambaye baadaye alikuwa mkewe. Leo inafahamika kuwa rangi ya manjano iliyomo katika karoti hugeuzwa vitamini A hasa kwenye utumbo. Sehemu kubwa huwekwa akiba katika ini, kisha damu huipeleka machoni. Humo hubadilishwa tena na kuungana na protini, ikawa rodopsini, inayotuwezesha kuona penye mwanga hafifu. Mwanga huivunja rodopsini, nalo jicho huiunda upya. Hata hivyo, vitamini kiasi hupotea, na sharti ifidiwe kutoka katika akiba ya ini.

Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mnamo 1967, pamoja na Ragnar Granit na Haldan Keffer Hartline. Wald hakujifungia maabarani. Alipinga hadharani vita vya Vietnam na silaha za nyuklia, hata alipolaumiwa kwa kuchanganya sayansi na siasa.

Alifariki Aprili 12, 1997, akiwa na umri wa miaka 90. Kutokana na kazi yake, twaelewa ni kwa nini mtoto aliyekosa vyakula hivyo kwa muda mrefu huanza kujikwaa giza linapoingia. Akiba ya ini imekwisha, na jicho ndilo la kwanza kutoa habari.