Mtu Aliyetenganisha Jiwe

Mfanyakazi yeyote aliyepata kukaa usiku chini ya mwanga wa karabai amenufaika na kazi ya mtu ambaye pengine hajalisikia jina lake. Mtu huyo ni Carl Auer von Welsbach, mwanakemia wa Austria. Twaona yafaa wananchi wayajue maisha yake, na hasa ndugu zetu wa Mkoa wa Songwe, kwani madini aliyoyagundua yamo katika ardhi yao.

Auer alizaliwa Vienna tarehe 1 Septemba 1858. Baba yake alikuwa mkuu wa kiwanda cha serikali cha kupiga chapa. Mwaka 1880 alikwenda Heidelberg, Ujerumani, kusoma kwa Robert Bunsen, mwalimu mashuhuri wa kemia wa zama hizo. Huko alianza kuyachunguza madini adimu, ambayo yafanana mno hata kuyatenganisha ni kazi ya kuchosha.

Aliporudi Vienna alishughulika na kitu kilichoitwa didimiamu, ambacho tangu mwaka 1841 kilihesabiwa kuwa elementi moja. Alikiyeyusha, akakiacha kigande chembechembe, akazitenga chembe hizo, kisha akarudia tena na tena bila kuchoka. Mwaka 1885 kikagawanyika: chumvi za sehemu moja zilikuwa za kijani, na za sehemu ya pili zilikuwa za waridi. Ndizo praseodimiamu na neodimiamu.

Mwaka huo huo alibuni kifuko cha kitambaa kilicholowekwa dawa za madini, ambacho kikipata moto wa gesi hung'aa. Lakini kiwanda alichokianzisha mwaka 1887 kilifungwa mwaka 1889, maana vifuko vilivunjika upesi na mwanga wake ulikuwa wa kijanikijani. Auer hakuiacha maabara. Akisaidiana na mwenzake Ludwig Haitinger aliendelea kupima na kuchanganya, hata mwaka 1891 akapata mchanganyiko wa thoriamu asilimia 99 na seriamu asilimia 1. Mwanga ukawa mweupe, na taa zake zikaenea katika miji ya dunia.

Thoriamu hiyo ilitolewa katika mchanga wa monazaiti, uliochimbwa Brazili na baadaye India. Ilipokwisha kutolewa, yalibaki marundo ya taka. Auer aliona mali ndani ya taka hizo. Mwaka 1903 alichanganya seriamu na chuma, akapata jiwe la kutoa cheche, lile ambalo hata leo limo ndani ya viberiti vya gesi. Kiwanda alichokianzisha Treibach kingali kikifanya kazi, ingawa yeye mwenyewe alifariki tarehe 4 Agosti 1929.

Basi na tuyapime mambo haya. Mwenye mchanga alilipwa bei ya mchanga. Mwenye elimu alilipwa bei ya taa, kisha akalipwa bei ya kiberiti kwa mabaki ya mchanga ule ule.

Neodimiamu ilingoja karibu miaka 100 kabla ya kupata kazi yake kubwa. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Japani na Marekani walitengeneza kwayo sumaku zenye nguvu kupita kiasi. Sumaku hizo ndizo zinazotumika leo katika magari ya umeme na katika mitambo ya umeme wa upepo. Na huko Ngualla, Wilaya ya Songwe, akiba iliyopimwa ni tani milioni 18.5 za mawe yenye asilimia 4.8 ya madini adimu, zikiwamo neodimiamu na praseodimiamu.

Aprili 2023 Serikali ilitia sahihi mkataba na kampuni ya Peak ya Australia, na Taifa likapata hisa asilimia 16 katika kampuni ya ubia ya Mamba Minerals. Hilo ni jambo jema. Lakini mpango uliotangazwa ulikuwa wa kutoa makinikia na kuyauza China. Maana yake, kazi aliyoifanya Auer mwaka 1885 ingefanywa ng'ambo.

Mkazi wa Tunduma hahitaji kufundishwa jambo hili. Kila siku huyaona malori ya shaba ya Zambia na Kongo yakielekea bandari ya Dar es Salaam, naye ajua kuwa mali ipitayo mlangoni si mali iliyoingia nyumbani.

Sheria ya mwaka 2017 yakataza mali asilia kusafirishwa ghafi. Lakini sheria haitenganishi madini. Hutenganishwa na watu waliosoma, wenye maabara na wenye subira. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iko Dodoma, Tume ya Sayansi na Teknolojia iko Dar es Salaam pamoja na Chuo Kikuu, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kiko Mbeya, jirani kabisa na Songwe. Kidole kimoja hakivunji chawa. Yapasa vyombo hivi vishike utafiti mmoja wa mawe ya Ngualla, kwa fungu moja la fedha, na vijana wa Vwawa na Mbozi wawe miongoni mwa wanafunzi wake.

Twawaomba viongozi walitazame jambo hili kabla mashimo hayajawa marefu. Nao wafanyakazi, katika mikutano yao ya matawi, waulize: ni nani atakayelitenganisha jiwe letu?