Momofuku Ando: Muflisi aliyevumbua tambi za maji moto
MOMOFUKU Ando, aliyezaliwa Taiwan mwaka 1910, alifilisika akiwa na umri wa miaka 47. Chama cha mikopo alichokiongoza nchini Japani kilisambaratika, akabaki na nyumba tu.

Hakukata tamaa. Akikumbuka foleni za wenye njaa baada ya vita, alijifungia kibandani nyuma ya nyumba hiyo kwa mwaka mzima akitafuta tambi zisizoharibika upesi. Mkewe alipokaanga chakula, fumbo lilifumbuka: mafuta moto hufukuza maji kwenye tambi na kuacha vitundu, ambavyo baadaye hufyonza maji moto zikalainika.

Tambi zake zenye ladha ya kuku ziliingia sokoni Agosti 25, 1958. Mwaka 1971 akazitia kikombeni. Alifariki Januari 5, 2007.