Apolo Kivebulaya: aliyesamehewa akarudi Boga



Kila tarehe 30 Mei ndugu zetu Waanglikana humkumbuka Apolo Kivebulaya, aliyefariki Boga mwaka 1933. Siku sita baadaye, tarehe 5 Juni, sisi wa Kisangani tunakumbuka mwanzo wa vita ya siku sita ya mwaka 2000, wakati majeshi ya Uganda na Rwanda yalipopigana ndani ya mji wetu. Na Apolo alikuwa Mganda.

Tulipofundishwa habari zake mara ya kwanza katika masomo ya teolojia, hatukumpokea vizuri. Juni 2000 tulikuwa vijana. Tulilala sakafuni huku maelfu ya makombora yakianguka, na mamia ya watu wetu hawakuamka tena. Kwa hiyo tulimsoma Mganda huyu kwa moyo uliofungwa. Leo tunaandika habari zake kwa sababu ametufundisha jambo juu ya msamaha wa Mungu ambalo tulikuwa tunalihubiri bila kulielewa.

Alizaliwa karibu mwaka 1864 huko Singo, Buganda. Alikuwa pacha, akaitwa Waswa. Ujana wake haukuwa wa kanisani. Alivuta bangi, na katika vita vya dini vya Buganda alipigana upande wa Waislamu. Alibatizwa Januari 1895, akiwa na miaka kama thelathini, akapewa jina Apolo. Mwaka uleule alitumwa Toro kuwa mwalimu wa Injili. Mwisho wa mwaka 1896 akavuka mto Semliki, akafika Boga, katika Ituri ya leo. Walimu wawili waliomtangulia walikuwa wameondoka kwa sababu ya njaa, maana chefu Tabaro hakutaka kuwalisha. Apolo akashika jembe, akalima mwenyewe.

Mwaka 1898 msiba ukaingia. Dada wa Tabaro alichomwa na mkuki kwa ajali wakati watu wakimjengea Apolo, akafa. Chefu akasema Apolo ndiye mwuaji. Apolo akapigwa, akafungwa, akapelekwa gerezani.

Tusimame hapa kidogo. Mtu huyu hakumwua dada wa Tabaro. Lakini hakuwa mtu asiye na dhambi. Alijua ujana wake. Wengi wetu mtu akitushitaki kwa uongo, dhambi za kweli za zamani zinaamka pamoja na uongo ule. Tunajiuliza kama Mungu sasa anatulipisha. Ndiyo hofu tunayoisikia kila juma katika ofisi zetu za uchungaji. Mama amefiwa na mtoto, anauliza kama ni kwa ajili ya kosa alilotubu miaka kumi iliyopita. Baba amepoteza kazi, anaanza kufunga upya kwa dhambi ileile. Midomo inasema Mungu amesamehe, lakini moyo unamwona Mungu kama chefu aliyekasirika anayengoja malipo. Moyo umemjifunza Mungu kwa wale waliokuwa na nguvu juu yetu.

Wanaosimulia maisha ya Apolo wanasema kwamba mle gerezani Bwana Yesu alimtokea, aking'aa kama jua, akamtia moyo kwamba yuko pamoja naye. Tuangalie vizuri: kesi ilikuwa bado, na mlango wa gereza ulikuwa bado umefungwa. Kilichobadilika ni jambo moja tu. Apolo alijua Mungu yuko upande gani.

Ndipo tunaelewa alichofanya alipoachiliwa. Angeweza kubaki Toro, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alirudi Boga, kwa Tabaro. Na chefu yule baadaye akabatizwa, akaitwa Paulo.

Katika Mathayo 18 kuna mtumwa aliyekuwa na deni kubwa mno. Hakuomba msamaha, aliomba muda wa kulipa. Bwana wake akafuta deni lote. Lakini tunafikiri mtumwa yule alitoka mlangoni bado akijiona mdeni, ndiyo maana akamkaba mwenzake kutafuta pesa. Asiyeamini kwamba amesamehewa huendelea kudai. Apolo aliamini, akaacha kudai.

Je, kusamehe ni kunyamaza juu ya haki? Hapana. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325, na wahanga wa Kisangani wana haki ya kufuatilia fidia yao mpaka mwisho. Mtu anaweza kudai haki yake mbele ya sheria bila kulidai damu kabila zima moyoni mwake. Tunasema hivyo pia kwa ajili ya ndugu zetu Wambole na Walengola, ambao tangu mwaka 2023 wamezikana mno, na wengi wao wamekimbia vijiji vyao.

Apolo aliwekewa mikono kuwa kasisi mwaka 1903. Mwaka 1915 alirudi Boga tena, akakaa huko mpaka kufa. Hakuoa. Aliingia msituni kwa Wambuti, akatafsiri Injili ya Marko katika lugha yao. Kabla ya kufa aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, si mashariki kwao Uganda, kuwa alama kwamba Injili iendelee mbele.

Magharibi ya Boga ni msitu, na ng'ambo ya msitu ni sisi. Mganda huyu alilala akielekea Kisangani miaka 67 kabla ya makombora. Tulipolitambua hilo, moyo wetu ulifunguka kidogo.

Kwa kutafakari nyumbani: ni dhambi gani uliyokwisha kutubu ambayo bado unailipa? Na ni nani unayemkaba kwa sababu ya deni hilo? Mtaje mbele za Bwana juma hili. Kisha, kama njia iko salama, rudi Boga yako.