Tippu Tip: mfanyabiashara aliyeingia Urua na mali ya mkopo

Mchimbaji wa Manono, jimbo la Tanganyika, anayepokea unga, koleo na makuta kidogo kutoka kwa mnunuzi wa mawe, kisha akalipa kwa kasiterite kwa bei iliyopangwa na mwenye makuta, anafanya jambo la zamani kuliko mgodi wenyewe. Kabla ya bati kuchimbwa Manono, na kabla ya benki yoyote kufungua mlango katika nchi hii, mali iliingia huku kwa mkopo na deni likalipwa kwa kile kilichotoka ardhini au porini. Wakati ule kilikuwa pembe za tembo. Na aliyejua kukopa kuliko wote alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye mashariki ya Kongo anajulikana hadi leo kwa jina la Tippu Tip.

Alizaliwa Unguja karibu mwaka 1837. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara wa bara, mwenye nyumba na mke Tabora, katika ukoo wa mtemi wa Unyanyembe. Kijana alianza biashara akiwa na miaka 12 hivi, akisafirisha sandarusi pwani, mizigo midogo ya mtu asiye na jina. Alipofika miaka 18 alimfuata baba yake Tabora, kisha akavuka ziwa Tanganyika na kuingia Urua.

Urua ni jina ambalo watu wa pwani waliipa nchi ya Waluba. Kiambi, Ankoro ambako Luvua inaungana na Lualaba, na Manono yenyewe, zote ziko ndani ya nchi hiyo. Huku pembe zilikuwa nyingi na ushanga ulikuwa adimu. Mtu aliyeleta ushanga na vitambaa alirudi na mali iliyokuwa na thamani mara nyingi zaidi pwani. Shida ilikuwa moja tu: nani atakupa ushanga na vitambaa vya kuanzia?

Jibu lilikuwa Unguja, kwa matajiri wa Kihindi. Hakuna aliyehesabiwa fedha mkononi. Mwenye msafara alikwenda dukani akapewa majora ya amerikani, kitambaa kilichotoka viwanda vya Marekani, pamoja na ushanga, waya wa shaba, baruti na bunduki. Aliahidi kuleta pembe baada ya muda fulani, mara nyingi miaka miwili au zaidi. Riba haikutajwa, kwa kuwa katika Uislamu ni haramu. Lakini jora moja lililouzwa kwa mkopo liliandikwa daftarini kwa bei ya juu kuliko jora lile lile likilipwa taslimu. Gharama ya mkopo ilikuwa imejificha ndani ya kitambaa. Kadiri safari ilivyokuwa ndefu, ndivyo bei ilivyopanda, kwa sababu tajiri alijua kwamba mdeni anaweza kufa kwa ndui, kuuawa njiani, au kuamua tu kubaki bara asirudi tena. Wengi walifanya hivyo. Ujiji na Tabora walikaa Waarabu na Waswahili waliozeeka huko kwa kuogopa daftari la Unguja.

Mwanzoni Tippu Tip alikopa kama wengine, kidogo kwa huyu na kidogo kwa yule. Mwenye wadai wengi hana wa kumtetea. Mmoja akianza kudai, wote wanaamka. Kilichobadilisha hali yake ni vita. Mwaka 1867, katika nchi ya Itawa, kusini magharibi ya ziwa Tanganyika, alimshinda mtemi Nsama, aliyeogopwa na misafara yote, na kuchukua ghala lake la pembe: mamia ya frasila, na frasila moja ni kama kilo 16. David Livingstone alimkuta huko mwaka ule ule, akasaidiwa naye kwa chakula na njia.

Aliporudi pwani na pembe hizo hakuwa tena mtu wa kubembeleza. Taria Topan, Ismailia kutoka Kutch aliyefika Unguja akiwa mtoto na baadaye akakodi ushuru wa forodha ya Sultani, alikubali kumpa mali yote aliyohitaji. Hapo ndipo deni lake lilipopata unafuu. Badala ya daftari nyingi, likawa moja, la mtu ambaye naye alifaidika mdeni wake akistawi, kwa kuwa pembe zote zilipita mikononi mwake kabla ya kwenda Ulaya, Marekani na India kuwa vibonye vya piano, mipira ya biliadi na bangili.

Safari iliyofuata ilianza karibu 1870 na kumaliza miaka 12. Deni la namna hiyo lingemwangusha mtu mwingine. Vita vya Mirambo dhidi ya Waarabu wa Tabora viliziba barabara, pembe zikakaa bila kwenda popote. Tajiri alingoja. Tippu Tip alipita Runda, akavuka kwenda Urua, akaendelea hadi Utetela. Huko alimweleza mtemi mzee Kasongo Rushie kwamba bibi yake alikuwa dada wa mtemi, aliyetekwa zamani na kupelekwa utumwani. Mzee aliamini, akamwachia utawala. Kutoka siku hiyo pembe zililetwa kwake kama ushuru, hazikununuliwa tena.

Hii ndiyo siri ya mkopo wake kuwa rahisi, na si siri nzuri. Asiyelipia pembe hana haja ya kumaliza vitambaa vya tajiri. Bei iliyoandikwa Unguja haikupungua. Ilihamia kwa watu wengine. Katika Urua na Manyema, vijiji vilivyokataa vilichomwa, wanawake na watoto walishikwa mpaka jamaa zao walete pembe za kuwakomboa. Wasiokombolewa walibebeshwa mizigo au kugawiwa kwa wapiganaji. Kwa daftari la Taria Topan hawakuonekana popote. Waluba walikuwa wadhamini wa deni ambalo hawakuliweka sahihi.

Cameron alimkuta karibu na Nyangwe mwaka 1874, na Stanley mwaka 1876. Mwaka 1882 alifika Unguja na shehena kubwa ya pembe na kusafisha hesabu yake. Alipokewa na Sultani Barghash kwa heshima, akarudi bara mwaka uliofuata.

Lakini mkopeshaji mpya alikuwa ameshafika, kwa njia ya magharibi. Mwaka 1887 Tippu Tip alikubali kuwa wali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa niaba ya Dola Huru la Kongo la mfalme Leopold, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Kwa mtu wa mali yake zilikuwa makuta ya chumvi. Alichotaka ni amani, kwa sababu aliona bunduki za Wazungu zinaongezeka.

Safari ya Stanley ya kumtafuta Emin Pasha ilipoharibika na watu wengi wa kundi la nyuma kufa, Stanley alimtupia lawama kwamba hakuleta wapagazi kama walivyopatana. Alifungua kesi Unguja, akitaka azuiliwe pauni 10,000 zilizokuwa zimewekwa katika nyumba ya Taria Topan. Kwa hiyo duka lililomkopesha ujanani lilikuwa sasa linamtunzia akiba kama benki. Kesi iliachwa baadaye. Taria Topan alifariki mwaka 1891, mwaka ule ule Tippu Tip alipofika Unguja kwa mara ya mwisho.

Alichokiacha Kongo hakikudumu. Nyangwe na Kasongo zilianguka mikononi mwa jeshi la Dhanis mwaka 1893, na Sefu, mwanawe, akauawa mwaka huo huo. Pembe za Maniema zilianza kuteremka mto kwenda Boma, na wanavijiji waliendelea kuzilipia, safari hii kwa bwana mwingine. Kilichobaki ni lugha: Kiswahili cha misafara ndicho kinachosemwa sokoni Kongolo, Kalemie na Manono.

Yeye alibaki Unguja na mashamba yake ya karafuu, akaandika maisha yake kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Katika kitabu hicho anakumbuka vizuri frasila za pembe na majina ya waliomkopesha. Majina ya waliozibeba ni machache. Alikufa kwa malaria mwezi Juni 1905. Nyumba yake iko bado Shangani, na mlango wake wa kuchonga.