Daktari Ward na bustani iliyofungiwa kwenye chupa

Kila nikishuka Mombasa likizoni huulizwa swali lile lile. Mtoto wa pwani, bahari iko mlangoni kwenu, wende mpaka Kericho kwenye baridi ukafuge samaki ndani ya kioo? Wazee barazani hucheka, nami hucheka nao. Safari hii nimeona niwajibu kwa kalamu. Na jibu langu si habari zangu, ni habari za daktari mmoja wa London, Nathaniel Bagshaw Ward, aliyefariki mwaka 1868.

Kwanza niseme tangi langu ni la namna gani. Si lile la kokoto za buluu na merikebu ya plastiki iliyozama. Ni tangi la mimea. Chini kuna udongo, juu yake mawe ya mtoni na kigogo kilichokauka, kisha nyasi za majini, makangaga na kuvumwani, na samaki wadogo wachache wakipita katikati. Nia ni kuiga kijito cha msituni, kama vile vinavyoteremka kutoka Mau kupita mashamba ya chai ya Kericho na Bomet. Ufundi huu ulienezwa duniani na Mjapani Takashi Amano, mpiga picha aliyefariki mwaka 2015, na wengi wetu tulianza kwa kutazama picha zake. Lakini nilipozidi kutafuta ni nani wa mwanzo kuona kuwa mimea inaweza kuishi ndani ya kioo ikajitosheleza, nilimkuta huyu daktari.

Ward alizaliwa London mwaka 1791, mtoto wa daktari. Alipofika miaka 13 alisafirishwa kwa jahazi hadi Jamaica, na huko akaona misitu ya joto, minazi na makangaga makubwa. Yasemekana ndiko alikoshikwa na mapenzi ya mimea, na hayakumtoka tena. Aliporudi alisomea utabibu, akarithi kazi ya babake katika Wellclose Square, mtaa wa mashariki ya London ulio karibu na gati za meli. Kwetu ni kama mtu aliyefungua zahanati Shimanzi, pua yake ikielekea Kilindini. Mchana alitibu wagonjwa, na wengi wao walikuwa maskini. Wakati wake wa faragha ulikuwa wa mimea na wadudu.

Tatizo lilikuwa moshi. London ya siku zile ilichoma makaa ya mawe usiku na mchana, na masizi yalitanda juu ya kila jani. Ward alijenga ukuta wa mawe uani kwake, akapitisha mfereji wa kudondosha maji juu yake, akapanda makangaga. Yakafa. Akapanda tena, yakafa tena. Mwisho alikata tamaa.

Kisha ikaja mwaka 1829. Alikuwa na nondo mchanga ambaye bado amejifunga ndani ya ganda lake, akataka kumwona atakavyotoka. Akamfukia kwenye udongo wenye unyevu ndani ya chupa ya mdomo mpana, akaifunika kwa kifuniko cha bati. Kila siku akawa anaitazama. Akaona kuwa jua likipanda, maji ya udongo hugeuka mvuke, yakashika kwenye kioo, na jioni yakateremka tena kwenye udongo. Hakuna lililopotea. Kabla nondo hajatoka, udongo ule ukachipua vitu viwili ambavyo hakuvipanda: kangaga moja na unyasi mmoja. Mmea uliomshinda uani kwa miaka, umejiotea wenyewe ndani ya chupa.

Hapa ndipo ninapompendea mtu huyu. Mwingine angefurahi kumpata nondo wake, chupa akaitupa. Yeye aliiweka nje ya dirisha lake, akaiacha. Mimea ile iliishi karibu miaka minne bila kutiwa tone la maji. Ilikufa pale tu kifuniko kiliposhika kutu, mvua ikaingia, naye hayupo.

Baada ya chupa akatengeneza masanduku ya mbao na vioo yaliyozibwa vizuri, akishirikiana na wafanyabiashara wa mimea, familia ya Loddiges wa Hackney. Watu wa pwani watafahamu upesi kwa nini jambo hili lilikuwa kubwa. Mche uliowekwa juu ya sitaha hupigwa na chumvi ya bahari, na maji matamu melini ni ya mabaharia kwanza. Miche mingi iliyopakiwa nchi za mbali ilikuwa ikifika Ulaya imekwisha kufa. Mwaka 1833 Ward alimkabidhi nahodha Charles Mallard masanduku mawili ya makangaga na nyasi ayapeleke Sydney, Australia. Safari ilichukua miezi kama sita, na mimea ikafika hai. Masanduku yakapakiwa mimea ya Australia, yakarudi mwaka 1834. Yalipita kwenye theluji, yakapita kwenye joto kali la ikweta, bila kumwagiliwa maji hata mara moja. Walipofungua London, mimea ilikuwa ya kijani.

Mwaka 1842 alitoa kitabu kidogo kuhusu mimea inayokua ndani ya vioo vilivyofungwa, akaeleza kila kitu wazi ili yeyote aweze kujitengenezea. Alitamani sana sanduku hilo liingie kwenye vyumba vya maskini wa mjini, wapate kuona jani bichi. Vioo vilikuwa ghali kwa sababu ya kodi, na kodi hiyo iliondolewa mwaka 1845.

Naye hakuishia kwenye udongo mkavu. Miaka hiyo ya 1840 aliweka pia tangi la maji lenye samaki na mimea pamoja. Mwaka 1850 mkemia Robert Warington alieleza jaribio lake la samaki wa dhahabu, nyasi za majini na konokono: mmea huwapa samaki oksijeni, samaki humpa mmea hewa ya ukaa na mbolea, konokono hula majani yanayooza. Miaka michache baadaye jumba la samaki likafunguliwa katika bustani ya wanyama ya London, na mchezo wa matangi ukaingia majumbani. Ninapopanga mawe kwenye tangi langu, ni hesabu ile ile ya chupa ya Ward.

Lakini hadithi hii ina upande wa pili, na anayeishi Kericho hawezi kuuruka. Mwaka 1848 kampuni ya Waingereza iliyotawala India ilimtuma Robert Fortune China akachukue chai. Mbegu alizotuma kwanza nyingi ziliharibika njiani. Kisha akazipanda ndani ya udongo wa masanduku ya Ward, zikaota baharini, na maelfu ya miche ikafika milima ya Himalaya. Mpira nao ulivuka hivyo kwenda Asia. Chai nyingi ya Kenya ni ya ukoo wa Assam, haikutoka kwenye masanduku ya Fortune. Mbegu za mwanzo zilipandwa Limuru mwaka 1903, zikitoka India. Hata hivyo mwendo ni mmoja: mmea unahamishwa, ardhi inatafutwa, na wenyewe wa ardhi wanasogezwa. Makampuni makubwa yalipoanza kupanda Kericho katikati ya miaka ya 1920, yalipanda kwenye ardhi walimokuwa Wakipsigis. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliuhamisha ukoo mzima wa Talai hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Kizazi chao bado kinadai haki mpaka leo.

Sisemi Ward ndiye mwenye lawama. Alikuwa daktari aliyependa makangaga. Ila sanduku likishafunguliwa, kilichotoka hakirudi ndani.

Somo hilo nilikaribia kulipata vibaya mimi mwenyewe. Mimea ya tangi hukua upesi, na kila baada ya wiki chache huna budi kuipogoa. Siku moja nilishika ndoo iliyojaa vipande vya majani, vingine vya aina za ng'ambo, nikatoka kuimwaga kwenye kijito nyuma ya nyumba. Nikasimama. Vijito vya upande huu huingia Kiptiget, Itare na Kipsonoi, mito hiyo hukutana ikawa Sondu, na Sondu humwaga maji yake Ziwa Victoria. Ziwa hilo hilo ndilo lililosongwa na gugu maji, mmea wa Amerika Kusini uliosambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wa maua yake. Mvuvi wa Kisumu anayeshindwa kusukuma mashua hajui ni bustani ya nani iliyoanza.

Nikarudi na ndoo yangu. Siku hizi vipande vyote naanika juani mpaka vikauke kabisa, kisha navifukia kwenye shimo la mbolea, na maji machafu ya tangi namwagia maua ya bustanini, siyo mtaroni.

Nawaambia haya hasa vijana wa kwetu. Pwani nako biashara ya samaki wa mapambo ipo, na matangi yameanza kuonekana sebuleni Nyali na Mtwapa. Ni kazi nzuri, hutuliza moyo, na humfunza mtu subira. Ukichoka na tangi lako, mpe mwenzako. Usiwaachie samaki na majani Tudor Creek wala kwenye bwawa la jirani.

Ward alizikwa katika makaburi ya Norwood, kusini mwa London, na kaburi lake halina alama. Alikuwa ameingizwa katika chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza mwaka 1852, lakini watu wengi wanaokunywa chai leo hawajapata kulisikia jina lake. Nami kila asubuhi, nikiona matone yakiteremka kwenye kioo cha tangi na nje ukungu ukipanda juu ya chai, humkumbuka. Wazee wangu wa barazani, hilo ndilo jibu langu. Nikija Idi nitawaletea majani ya chai, tangi nitaliacha huku huku.