Ibn Sina, ganda la dawa na mwani wa Kilwa

Wanafunzi wangu hapa Kilwa hushangaa ninapowaambia kuwa elimu ya vidonge wanavyomeza ina mkono wa Waislamu.

Abu Ali ibn Sina alizaliwa mwaka 980 katika kijiji cha Afshana, karibu na Bukhara. Alihifadhi Qur'an akiwa na miaka 10. Angali kijana alishiriki kumtibu Amir Nuh ibn Mansur, na kwa hilo akaruhusiwa kuingia maktaba ya ikulu. Alipata uwaziri, kisha akafungwa katika ngome ya Fardajan, na humo humo akaendelea kuandika. Baadaye alikimbilia Isfahan akiwa amevaa kisufi. Kitabu chake cha Al-Qanun fi al-Tibb kina juzuu 5, na ya mwisho inahusu dawa za kuchanganya. Imam Ghazali alimpinga vikali katika falsafa, lakini tiba yake ilisomeshwa Ulaya kwa karne kadhaa. Alifariki Hamadan mwaka 1037, karne ile ile ambayo Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani unatajwa kuanza.

Historia ya dawa humtaja kuwa alifunika vidonge kwa dhahabu na fedha. Leo fikra hiyo ya kuvika dawa ganda imefika mbali. Dawa au vitamini hufungwa ndani ya vijiganda vidogo kama vumbi, ili hewa, mwanga na asidi ya tumbo visiiharibu. Kazi kubwa ni kupima unene wa ganda: likiwa jembamba mno dawa huvuja mapema, likiwa nene mno hupita mwilini bila kufunguka.

Ganda hilo mara nyingi ni jelatini, ambayo hutokana na ng'ombe, samaki au nguruwe. Ndipo Waislamu tunapouliza: halali au haramu? Swali ni la haki. Lakini mbona tunaishia kuuliza tu? Mwani mwekundu unaolimwa Songosongo na pwani ya Lindi hutoa karajinani, ambayo nayo hutengenezewa maganda ya dawa. Sisi tunauanika, tunauza kwa kilo, kisha tunasubiri wengine watuletee kidonge.

Wazazi, madrasa pekee haitoshi. Wapelekeni vijana wakasome kemia na famasia. Ibn Sina alikusanya elimu zote mbili.

Wabillahi tawfiq.