Makhan Singh: Mhindi aliyesimama na vibarua

MKAZI wa Kwale wa zama za ukoloni alimjua Mhindi kwa sura mbili: mwenye duka la kijijini lililouza unga, nguo na mafuta ya taa, au mwajiri katika mashamba ya miwa ya Ramisi. Ni vigumu kumlaumu kwa kutojua kwamba alikuwapo Mhindi wa sura ya tatu, aliyekwenda jela kwa sababu ya vibarua.

Makhan Singh alizaliwa mwaka wa 1913 katika jimbo la Punjab, wakati huo likiwa India chini ya Waingereza. Alifika Kenya mwaka wa 1927, akiwa kijana wa miaka 13, kumfuata babake aliyekuwa fundi seremala wa reli na ambaye baadaye alifungua kiwanda cha uchapishaji jijini Nairobi.

Katika reli hiyo mishahara ilifuata rangi. Mzungu alikuwa juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini kabisa. Mpango huo ulimfaa sana mkoloni, kwani aliye katikati daima huogopa kushuka. Mwaka wa 1935, Singh aliongoza chama cha wafanyakazi Wahindi kufungua milango yake kwa watu wa rangi zote. Matangazo ya chama yalichapishwa kwa Kipunjabi, Kigujarati na Kiswahili. Mgomo wa mwaka wa 1937 jijini Nairobi ulidumu siku 62, na waajiri wakaongeza mishahara.

Mgomo wa Mombasa wa Agosti 1939 ndio uliowagusa watu wa Pwani Kusini. Wadigo wengi walikuwa wakivuka kivuko cha Likoni kutafuta kazi ya kutwa bandarini, kisha kurudi mashambani kwao. Wafanyakazi walipogoma wakidai malipo bora na posho ya nyumba, chama cha Singh kiliwaunga mkono, naye mwenyewe akatoa ushahidi mbele ya tume iliyochunguza mgomo huo.

Muda mfupi baadaye alisafiri kwenda India, ambako Waingereza walimtia kizuizini. Aliporejea Kenya mwaka wa 1947, serikali ilijaribu kumfukuza nchini kana kwamba ni mgeni, ingawa alikulia hapa. Wamakonde wa Msambweni wanalielewa jambo hilo vyema. Wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, lakini vizazi vyao vilingoja hadi mwaka wa 2016 kutambuliwa rasmi kuwa Wakenya. Na mwaka huo huo wa 1947, serikali hiyo hiyo ya kikoloni iliwaleta Gilgil wafungwa Wayahudi waliokuwa wakipigana na Waingereza huko Palestina. Kenya ilikuwa kambi ya himaya nzima.

Singh hakunyamaza. Mwaka wa 1949 yeye na Fred Kubai waliunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, alitaka hadharani uhuru kamili wa nchi hizi. Wengi wa viongozi wa wakati huo, Waafrika kwa Wahindi, walikuwa bado wakiomba mageuzi ya polepole. Mwezi uliofuata alikamatwa yeye na Kubai, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma.

Alizuiliwa Lokitaung, kisha Maralal na Dol Dol, kwa zaidi ya miaka 11. Jomo Kenyatta aliachiliwa Agosti 1961. Singh alingoja hadi Oktoba. Uhuru ulipopatikana hakupewa wadhifa wowote serikalini. Matajiri wa jamii yake walimwona mkomunisti, na wanasiasa wapya hawakuwa na haja naye. Huo, kwa maoni ya mwandishi huyu, ulikuwa utovu wa shukrani.

Aliutumia muda wake kuandika historia ya vyama vya wafanyakazi nchini, kitabu kilichochapishwa mwaka wa 1969. Alifariki jijini Nairobi Mei 1973, akiwa na umri wa miaka 59.